Koti la Mgombea

Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa kuwa pindo lake halifumuki na mdomo wake vilevile. Hushonea sebuleni, cherehani dirishani, mwanawe wa miezi minane sakafuni akitafuna mabaki ya vitambaa. Wateja humpenda kwa hilo la mdomo kuliko hata mshono.

Ndiyo maana mgombea alikuja mwenyewe, yule anayehubiri katika kila jukwaa kwamba hirizi ni za wasiomjua Mungu. Alitoa koti jipya, kisha kifuko kidogo cha ngozi.

"Fundi, kitie ndani ya bitana. Tujue wewe, mimi na Mungu."

"Mungu alishakiona kabla hujafika, mheshimiwa."

Alikishona. Siku ya kupiga pasi akaona ngozi itaungua, akafumua, akakiweka kwenye kopo la vifungo. Mtoto akalia, akamnyonyesha, akarudi kupiga pasi, akafunga bitana. Koti likachukuliwa.

Siku ya mkutano alikwenda uwanjani, mtoto mgongoni. Mgombea alipomaliza kuapa kwamba hana hirizi, mpinzani wake akadaka kipaza sauti. "Kama kweli humtegemei mganga, ndugu yangu, vua koti lipapaswe."

Mama Pindo akakaza fundo la mbeleko. Mshono ule kila mtu anaujua ni wa nani. Kikitoka kifuko, nani tena atamletea siri yake, na mtoto atakula nini?

Mgombea alivua koti taratibu, uso umemsawijika. Mzee wa kanisa akapapasa mifuko, kola, mabega, akaipitia bitana yote kwa kidole.

"Hamna kitu."

Watu wakashangilia. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa mwenye koti. Mama Pindo akakumbuka kopo, akauma kanga asicheke.

Kesho yake asubuhi mgombea alibisha hodi. Mama Pindo akamsogezea kopo. Mgombea akachakura vifungo, akakiona, akakaa kwenye kigoda.

"Kumbe jana nilisema kweli."

"Ulisema kweli, baba. Ila hukujua."

Mgombea akacheka mpaka mtoto naye akacheka. Mama Pindo akadhani ataondoka mikono mitupu, mtu aliyekwishaona kwamba amepita salama bila hirizi. Mgombea akafika mlangoni, akageuka, akateremsha sauti.

"Fundi, suruali nayo huwa ina pindo, sivyo?"

"Lete," akasema Mama Pindo, akitunga uzi. "Lakini pasi, kapige kwako."