Jitu wa Kaptula Nyekundu Amemezwa na Harusi

Jamani, leo nimemwona Jitu akimezwa na harusi.

Sitanii. Ndiyo maana nabandika hapa kwenye ubao wa darasa, msome wote.

Mnamjua kaka yangu Deo, aliyevunjika miguu shimo la dhahabu lilipobomoka. Siku hizi hatoki nje, wala haongei.

Tulipokuwa wadogo alinibeba mabegani hadi kibanda cha video kumtazama Jitu, yule mpiga mieleka wa kaptula nyekundu. Jitu akiangushwa, Deo alilia kabisa!

Jana nilimuuliza kama angependa kumwona tena.

"Nipeleke," akasema. Mama alidondosha mwiko.

Basi leo tumempakia kwenye baiskeli, mimi nasukuma, mama anamshika.

Mwenye kibanda akaweka kanda. Kengele ikalia. Jitu akaangushwa chali, mwamuzi akaanza kuhesabu: moja, mbili...

Akatokea bibi harusi anakata keki.

Watu wakacheka mpaka benchi likatikisika. "Mlishe na Jitu, shemeji!" mmoja akapiga kelele.

"Samahani, mdogo wangu," mwenye kibanda akaniambia. "Nilikosa kanda tupu, nikarekodi juu yake. Na ya Jitu nilikuwa na hiyo moja tu."

Deo akanigeukia. "Kwa hiyo hakuinuka."

Nikamwambia aliinuka, nakumbuka vizuri. Akafumba macho mpaka nyumbani.

Nyie mnaotoka vijiji vya mbali, Katumba hata Mishamo, kama kuna aliyeliona pambano lile likiisha, naomba aje kwetu amsimulie Deo. Mimi haniamini.