Mshipa wa Euphrasie na Mpira wa Blauzi

Euphrasie, mzaliwa wa Bukavu, aliishi ughaibuni, mtaani Schaerbeek, akihudumia wazee wa watu hadi figo zake ziliposhindwa kazi. Tangu hapo damu yake ilisafishwa kwa mashine, kupitia mshipa wa mkono wa kushoto ambao daktari mpasuaji aliuunganisha na ateri, nao ukapanuka. Kila asubuhi, kabla ya sala, aliugusa na kuusikia ukitetema, akamshukuru Mola.

Mwaka 2011 kulikuwa na arusi kanisani, na akina mama, kama ilivyo desturi yao, walishona kitenge cha namna moja. Euphrasie hakupenda uvimbe wa mshipa uonekane. Alimwomba rafiki yake Marie-Jeanne, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, amshonee blauzi yenye mpira wa kubana chini ya kiwiko. Akacheza hadi jioni. Asubuhi yake mtetemo ulikuwa hafifu mno.

Akapiga simu pale pale.

"Maman Marie-Jeanne, mpira yako imeniua mukono."

"Ni wewe ulisema nikaze."

"Fundi wa kweli angekataa," akasema Euphrasie, akakata.

Hospitalini, kule Woluwe, walihofia mshipa usije ukaziba kabisa, awekewe mrija shingoni na kuanza upya. Daktari Élodie alimpaka jeli baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya ngozi.

"Anzia chini ya kiwiko, docteur," Euphrasie alimwelekeza. "Ni nguo."

"Hapo ni pazima." Daktari akashuka hadi kwenye kovu la upasuaji penye kifundo cha mkono. Kwenye skrini, mkondo wa damu ulikuwa umesinyaa kama uzi. "Ukuta wa mshipa umenenepa hapa. Hili ni jambo la miezi, si la arusi. Nguo ya kubana usivae tena, lakini siyo iliyofanya hivi."

Euphrasie akajifuta jeli mkononi.

Kesho yake walimdunga dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakaingiza puto dogo hadi penye wembamba na kulijaza. Njia ikafunguka. Akagusa: mshipa ulitetema kwa nguvu.

Alipotoka alimkuta Marie-Jeanne ukumbini.

"Nani alikuambia?"

"Kanisa muzima. Alors, niliua mukono ama sikuua?"

"Hukuua. Mukono ulikuwa mugonjwa tangu zamani. Unisamehe, yaya, dada yangu."

"Bon. Batu ya Bukavu munahukumu kwanza, munapima nyuma."

Euphrasie akacheka. Marie-Jeanne akamtwalia mfuko, wakaelekea kwenye metro.