Yatima Mwenye Mama

Barua ya mwaliko ilinifikia dukani kwangu Malvern, Johannesburg, mwaka 2017, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, meza imejaa masweta na sketi za shule za kupunguza na kuongeza. Ilitoka Italia, kwa padri mzee aliyekuwa paroko wetu kule Uvira, Kongo, nilipokuwa mtoto. Alikuwa anatimiza miaka hamsini ya upadri, na waumini wa mji wake wa kuzaliwa, Treviso, walitaka kumfanyia sherehe. Walimwuliza angependa nani aje kutoka Afrika. Alinitaja mimi.

Nilifunga cherehani mapema, nikapanda teksi mbili hadi mtaa wa La Rochelle, ambako mama yangu alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba ya Mreno mmoja. Barua ilikuwa na karatasi mbili. Moja ya Kifaransa, ya kwangu, na nyingine ya Kiitaliano, ya kuonyesha ubalozini. Nilimsomea ile ya Kifaransa nikimgeuzia kwa Kiswahili. Mama alikaa kitandani akafunika uso kwa mikono.

"Hajatusahau," akasema. "Mimi nilijua ule mutu hawezi kutusahau."

Mama alimpikia padri huyo miaka kumi na moja. Baba alikufa nikiwa bado nanyonya, na padri ndiye aliyempa mama kazi katika jiko la misheni, pamoja na chumba cha kulala nyuma ya jiko. Hapo ndipo nilipokulia. Masista walinifundisha kusoma, kisha kushona. Vita vilipokuja, wazungu walifuatwa na magari wakavushwa mpaka. Mimi na mama tulitembea. Sitasimulia safari yetu hapa, ila niseme ilituchukua miaka kufika Johannesburg, na muda wote huo mama hakuacha kumwombea padri kila asubuhi, jina lake likitangulia la baba yangu.

Mama alitaka nimpelekee padri shati. Nilimwuliza vipimo nitapata wapi, akanitajia vyote bila kufikiri, kifua, mabega, urefu wa mkono, kwa sababu miaka ile ni yeye pia aliyekuwa anamfulia na kumrekebishia nguo. "Shingo yake ni fupi," alisema. "Usimubane." Nilishona kwa kitenge cha buluu, na vifungo mama alivifunga mwenyewe, kimoja kimoja, miwani ikimshuka puani.

Siku ya kuomba viza, dada wa dirishani alisoma ile karatasi ya Kiitaliano, akaniuliza, "Wazazi wako wote wawili ni marehemu?"

"Hapana. Baba tu. Mama ninaye hapa Johannesburg."

Aliirudia karatasi, akanitazama, akaandika kitu kwenye kompyuta. Nilidhani amechanganya mafaili.

Nilipokelewa uwanja wa ndege na mpwa wa padri, mwalimu wa Kifaransa aliyekaribia umri wangu. Ndiye aliyekuwa mkalimani na mwenyeji wangu kwa siku zote nane. Asubuhi ya kwanza alinitembeza mjini. Sina ugomvi na mji ule. Ni mdogo, unaweza kuumaliza kwa miguu kabla viatu havijaanza kukuuma, na maji yanapita kila mahali, chini ya nyumba, kando ya meza za mikahawa, nyuma ya maduka ya nguo. Ni maji safi, unaona majani marefu yamelala chini yakifuata mkondo. Pana gurudumu la kinu cha zamani linalozungushwa na mfereji mpaka leo, ingawa halisagi chochote. Pana kisiwa kidogo katikati ya mfereji ambapo wanauza samaki, na wakimaliza kuuza wanamwaga maji sakafuni, kila kitu kinateleza kurudi mferejini. Nilisimama pale nikapiga picha za kumwonyesha mama. Nilikuwa na furaha, na ninaiandika ili ijulikane kwamba niliwahi kuwa nayo.

Padri alikuwa anaishi katika nyumba ya mapadri wastaafu, karibu na ukuta wa zamani wa mji. Alikuwa amepungua sana. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanibariki, akasema Kiswahili chake kilekile cha Uvira. Nilimpa shati. Akalivaa juu ya nguo zake, na bado lilimwangukia mabegani kama shuka.

"Nani alikupa vipimo?" akauliza huku akicheka.

"Mama."

Aliacha kucheka. Alimtazama mpwa wake, ambaye hakuwa anajua Kiswahili, kisha akalivua shati akaanza kulikunja taratibu. Nilingoja aniulize mama yuko wapi, anaendeleaje. Aliniuliza kama nilikuwa nimekula.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda kwenye ukumbi wa parokia. Walikuwa wametundika picha za misheni ukutani, kubwa, zimepangwa kwa miaka. Nilizipita nikitafuta watu ninaowajua. Nikajiona. Nilikuwa na miaka saba, gauni jeupe la komunyo, macho nimeyafinya kwa jua. Picha hiyo niliikumbuka ilivyopigwa, mlangoni kwa jiko, mama amesimama pembeni yangu kwa sababu nilikataa kusimama peke yangu. Sasa mama hakuwepo. Ilikuwa imekatwa. Kilichobaki chake ni mkono begani kwangu, na nisingeweza kuukosea, kwa maana kidole cha shahada cha mama hakina ncha, alikikata kwa kisu cha jikoni, jikoni kwa padri. Chini ya picha paliandikwa maneno machache. Kiitaliano sijui, lakini nilisoma Kifaransa, na lugha hizo ni ndugu. Neno la yatima nililielewa.

Bado nimesimama pale, bibi mmoja mzee sana, mwenye fimbo, akaja akanishika mkono akaanza kulia. Mpwa wa padri alinieleza kwa Kifaransa. Bibi huyu alikuwa amenilea kwa mbali tangu nikiwa mdogo. Yeye na watu wengine hapa parokiani walichukua watoto wa misheni, kila mtu mtoto wake, wakawa wanawatumia misaada na kuwaandikia. Mimi nilikuwa wake. Kila mwaka alipata barua yangu.

"Barua yangu?" nikauliza.

Bibi alifungua mkoba wake. Alikuwa amezileta zote, zimefungwa kwa utepe. Nilimwomba mpwa anisomee mojawapo. Alisoma polepole, akitafsiri. Mtoto aliyeiandika alisema analala vizuri, anasoma kwa bidii, na kwamba kwa kuwa Mungu alimchukua mama yake, sasa anaye mama mwingine Italia.

Sikuwahi kuandika barua ile. Mwaka ulioandikwa juu yake nilikuwa nalala kitanda kimoja na mama yangu, nyuma ya jiko.

Padri alikuwa ameketi mbele, amezungukwa na watu. Kabla sijamfikia, kiongozi wa sherehe alitangaza kwamba sasa mgeni kutoka Afrika atasema maneno mawili, na padri mwenyewe atatafsiri. Nilisimama. Watu walikuwa kama mia hivi, wengi wazee, nyuso zao nzuri zimeniinukia. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, neno kwa neno, nikimwangalia yeye.

"Mama yangu anawasalimia. Yuko hai. Anaishi Johannesburg. Ni yeye aliyempikia padri huyu miaka kumi na moja."

Padri aliinamisha kichwa kidogo, kisha akatafsiri. Nilisikia madre, mama. Nikasikia cielo. Kwa Kifaransa mbingu ni ciel. Ukumbi mzima ulitoa vitambaa vya machozi, wakapiga makofi, na yule bibi mwenye fimbo akaja kunibusu mbele ya wote.

Nilimgeukia mpwa. "Sivyo nilivyosema," nikamwambia kwa Kifaransa. "Mama yangu hajafa."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakuniuliza nilisema nini, naona alikwisha kuelewa.

"Mjomba ni mzee," akasema. "Hii ni siku yake. Nakuomba umwachie."

Nikamwachia. Hilo ndilo ninalojilaumu nalo kuliko yote. Kifaransa nilikuwa nacho, na pale ukumbini hawakukosekana wachache ambao wangenielewa. Lakini nilikaa kwenye kiti, nikaletewa keki, nikala. Ilikuwa na kahawa ndani na krimu juu. Nilikula yote, nikasema asante.

Kesho yake nilimkuta padri bustanini, kwenye benchi linalotazama mto. Nilimwuliza bila salamu nyingi.

"Padri, kwa nini ulimuua mama?"

Hakukasirika. Alionekana amechoka tu. "Mwanangu, wewe haukujua wakati ule. Mutoto mwenye mama, hapa hakuna mutu alikuwa anamuhurumia. Niliandika kuhusu wajane, hawakujibu. Nikaandika kuhusu yatima, wakajibu. Shule yako ilitoka wapi? Cherehani ya masista ilitoka wapi?"

"Na mama je?"

"Mama yako alikula kwenye chungu kilekile."

"Mama ndiye aliyekuwa anakipika hicho chungu."

Aliugeukia mto. Bata wawili walipita wakipelekwa na maji. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka tupatane, "Bado anapika vizuri?"

Ndilo swali pekee aliloniuliza kuhusu mama kwa siku nane zile. Niliinuka nikaondoka, na tangu hapo nilikaa na mpwa wake tu, tukizungumza habari za hali ya hewa.

Johannesburg mama alikuwa ananingoja na ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga, chumba amekipiga deki. Alitaka yote. Shati lilimkaa? Nikasema lilimkaa. Aliniulizia? Nikasema sana, alikuulizia kila siku. Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Picha za mifereji alizitazama mara moja akanirudishia simu.

Mwezi mmoja baadaye bibi yule aliniandikia kupitia kwa mpwa. Barua ilikuwa nzuri, ndefu. Aliniita binti yangu. Niliiweka siku nyingi chini ya cherehani, halafu nikamjibu. Nilimweleza kwa Kifaransa chepesi kwamba zile barua za zamani sikuziandika mimi, kwamba namshukuru kwa shule, na kwamba mama yangu ni mzima. Niliweka ndani picha ya mama amesimama mlangoni kwa yule Mreno, mikono yote inaonekana. Hajanijibu mpaka leo. Sijui kama alihuzunika, au alikasirika, au mpwa hakumpa.

Padri alifariki mwaka 2018. Mama alivaa nyeusi kama mjane. Wakongo wa parokia yetu waliafiki kumwombea misa, na mama akaniagiza nisimame baada ya komunyo niwaeleze watu alivyotutendea, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwona mwisho. Nilikataa. Alidhani naona haya, akanibembeleza. Nilikataa tena, na safari hii sauti yangu ilimshtua.

"Sema sababu," akaniambia.

Nilimtazama. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na katika maisha yake yote mzungu mmoja tu ndiye aliyemtendea kama mtu. Hivyo ndivyo alivyoamini.

"Sina sababu," nikasema.

Alisimama yeye mwenyewe, mbele ya kanisa zima, akasimulia mpaka watu wakalia. Aliporudi kwenye benchi hakukaa karibu nami. Aliwaambia majirani kwamba binti yake ana roho mbaya, kwamba amesahau chungu kilichomlea, na kwa wiki tatu hakupokea simu zangu. Nilimwacha aamini hivyo.