Bomba Lililokataa Sumaku

Mwenye nyumba wetu wa Rosettenville, hapa Joburg, alikuwa na jibu moja kwa kila tatizo la maji: chemsha. Yakitoka na kutu, chemsha. Yakinuka, chemsha. Siku koki ilipokatika ikabaki mkononi mwangu, nilimtazama nikisubiri aniambie niichemshe na yenyewe. Tulimwita Papa, kama Wakongo wenzake wanavyomwita baba. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye suti za rangi ya maziwa na sauti ya kusindikiza maiti. Yeye na mkewe walikaa nyumba kubwa ya mbele. Sisi wapangaji tulijazana vyumba vya nyuma, tukichota wote kwenye koki moja ya uani.

Na mimi nilikuwa muumini wa kuchemsha, nisiwasengenye wengine. Mtoto wa Kigoma aliyekua akisikia habari za kipindupindu hayaamini maji mpaka ayaone yanatokota. Binti yangu alipozaliwa na maziwa yangu yakagoma kutoka, akawa wa chupa, nikachemsha mpaka sufuria ikaota magamba. Nilijiona mama hodari kweli kweli.

Sista, muuguzi wa kliniki, akanivuruga. Aliuliza nyumba yetu ni ya zamani kiasi gani. Nikasema ni kuukuu kuliko mwenye nyumba mwenyewe. Hakucheka. Alisema nyumba nyingine za kale zina mabomba ya madini ya risasi, na risasi ikiingia kwenye maji haina haraka kama kipindupindu. Inaingia polepole kwenye ubongo wa mtoto, na ikishaharibu imeharibu.

"Nachemsha, sista," nikasema kwa fahari.

Eti kuchemsha kunaua vijidudu tu! Risasi haitoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki na kukolea. Jamani, mimi niliyechemsha hadi sufuria ilie! Akanielekeza nikwangue bomba. Likiwa la shaba litaonyesha wekundu. Likiwa la chuma litashika sumaku. Likiwa laini, likang'aa, na sumaku ikakataa kunasa, basi mtoto asinywe.

Mimi fundi cherehani, sumaku ninayo, ile ya kuokotea pini sakafuni. Nilichuchumaa uani nikakwangua kwa ufunguo. Rangi ikabanduka, na chini yake bomba likakwanguka kama sabuni ya mche, likang'aa hasa. Nikaweka sumaku. Ikaanguka kwenye tope. Nikaifuta nikaweka tena, ikaanguka tena. Nikaenda kuijaribu kwenye geti la chuma, ikanata hapo kama shemeji aliyekuja kutembea.

Papa akatokea. "Unafanya nini na tuyau yangu, ma fille?" Kifaransa chake hicho: bomba langu, binti yangu.

Nikamweleza yote, wapangaji wakisikiliza. Akainama, akatazama pale nilipokwangua, akatabasamu kama aliyeonyeshwa mjukuu. "Unaona inavyong'aa? Wazungu wa zamani walijenga na vitu vya maana. Hii ni mali."

"Na sumaku, Papa?"

"Sumaku yako ni ya Kichina."

Watu wakaangua kicheko. Loo, walicheka hadi wa nyumba ya pili wakachungulia. Mimi nilitaka kulia.

Sista alikuwa amesema pia nisichote maji yaliyolala bombani, niyaache yatiririke kwanza asubuhi. Lakini ulikuwa wakati wa ukame, jiji limetukataza hata kumwagilia maua. Papa akisikia tu koki inatiririka, anatoka na pajama lake kunihubiria kwamba namwaga maji ya taifa. Mtu mwenyewe kila Jumamosi anaosha gari kwa mpira! Nyani haoni kundule.

Nikaacha kubishana. Nikawa nachota kwenye kituo cha mafuta, mtoto mgongoni, dumu limekaa kwenye kigari cha mtoto kama mfalme. Uani wakanibatiza Mama Dumu. Mume wangu, mlinzi wa zamu ya usiku, aliniambia niwe mpole, tusije tukafukuzwa. Nikamwambia upole wake aulalie. Na Jumapili Papa akasimama kanisani akawaombea dada zetu wenye roho ya hofu. Nilifumba macho kama wengine, lakini sikuitikia amina.

Kisha binti wa Papa akaja kutoka Pretoria na kichanga chake, akae kwa mama yake apumzike. Wiki ileile fundi bomba akatia mguu. Nilifurahi jamani! Niliacha gauni la watu kwenye cherehani, nikampelekea chai na mandazi. Nikasema moyoni, kumbe mzee ana masikio. Fundi akachimba kutoka getini, akalaza bomba jipya la plastiki, akalipeleka hadi jikoni kwa Papa. Akafukia. Akaanza kukusanya vifaa.

"Na huku uani?" nikamuuliza.

"Eish, sista. Mimi nimeambiwa jikoni tu."

Basi Papa alijua. Kicheko kile chote, maombi yale yote, alijua. Nikambeba mwanangu, nikachukua sufuria yake, nikaingia jikoni kwa Papa bila hodi. Walikuwa mezani.

"Shikamoo, Papa. Nimekuja kuchota maji ya mtoto."

"Marahaba. Koki yenu iko uani."

"Ya uani sitaki. Nataka ya bomba ulilomwekea mjukuu wako."

Mkewe akaacha kutafuna. Binti yake akainua kichwa, kichanga kikiwa kifuani. Alikulia Joburg, na Kiswahili alikielewa kuliko alivyokisema.

"Papa," akasema taratibu, akitafuta maneno, "maji ya zamani iko na nini?"

"Hakuna kitu, ma fille. Kula."

"Kama hakuna kitu, kwa nini umebadilisha?"

Papa akakunja kitambaa cha mezani. Akakikunjua.

"Mimi nilikunywa hiyo maji hapa," binti yake akasema. "Tangu nilikuwa mtoto."

Akainuka, akampa mama yake kichanga, akaichukua sufuria mikononi mwangu na kufungulia koki mwenyewe.