Wigi la Mama Masikio

Katika ofisi ya vitambulisho, mama mmoja mpiga picha alishika kanuni moja kwa miaka kumi na tisa: hapigwi picha mtu aliyevaa wigi, kofia wala miwani ya jua. Uso uwe wazi, masikio yaonekane. Kwa kulirudia neno hilo mara mia kwa siku, watu wakambandika jina la Mama Masikio. Hakukasirika.

"Kitambulisho ni ushahidi," alikuwa akisema. "Anayetaka kupendeza aende studio."

Alipofika miaka hamsini na mitatu, nywele zake mwenyewe zikaanza kumhama. Zilianzia utosini, zikawa zinabaki kwenye kitana na kwenye mto. Daktari alimwambia ni umri, si ugonjwa, na huwapata wanawake wengi. Hakuridhika. Alijipaka mafuta ya nyonyo mpaka kola zikaganda. Alijipaka maji ya kitunguu, foleni nzima ikawa inaulizana nani kabeba chakula cha mchana. Mwishowe akanunua wigi fupi jeusi. Lilimkaa vizuri hata majirani wakasema dawa imekubali, naye akanyamaza. Kunyamaza kwa namna hiyo ni uongo, tusiupambe. Mumewe peke yake ndiye aliyejua, na mumewe ni mtu wa kufunga mdomo.

Miaka mitatu baadaye, kitambulisho chake mwenyewe kikaisha muda. Alikwepa wiki tatu nzima, mpaka mkuu wa ofisi akamwamuru apigwe picha ya kipya siku hiyo hiyo. Mzee wa dawati la pili, mchukua alama za vidole, ndiye aliyeshika kamera. Mzee yule alikuwa na macho.

"Kaa hivyo hivyo, dada," alimnong'oneza. "Kwani kamera ina mikono ya kuvuta?"

Akakaa hivyo hivyo. Picha ikatoka nzuri ajabu. Mama Masikio akarudi kwenye kompyuta yake. Ilibaki kubonyeza kitufe tu iende makao makuu, lakini kabla hajabonyeza, mtu aliyefuata kwenye foleni akajitupa kitini. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na wigi la kufika mabegani.

"Wifi, vua."

"Nivue nini? Hizi ni nywele zangu, na risiti ninayo."

Foleni ikacheka.

"Kanuni ni kanuni, wifi."

Wifi akachungulia kioo cha kompyuta. "Aa, wewe sema tu! Wewe umejaliwa nywele, angalia ulivyotoka kama bibi harusi. Sisi tusiojaliwa ndio utuumbue mbele za watu?"

Mama Masikio aliitazama ile picha. Angeibonyeza, angewavuaje wenzake mawigi kesho? Akaifuta. Kisha akalivua wigi, akaliweka mezani kando ya mhuri, akamwinua wifi, akakaa kitini.

Wifi akapaza sauti.

"Yalaa! Kumbe wifi yangu kichwani ni uwanja wa ndege!"

Watu wakashika mbavu. Mzee wa vidole ndiye pekee ambaye hakucheka, alikuwa kazini.

"Inua kidevu kidogo, dada, utosi unarudisha mwanga."

Picha ikapigwa, ikatumwa. Ilikuwa zamu ya wifi, na sasa hakuwa na pa kushika. Akavua. Chini ya wigi kulikuwa na nywele nene, zimesukwa mistari, za kumtosha yeye na jirani.

"Si ulisema hujajaliwa?" Mama Masikio akamuuliza.

"Nilisema ili unihurumie. Wigi ni la siku ambazo sina muda wa saluni, wifi."

"Masikio," akajibu Mama Masikio, na akampiga picha.

Wifi hakungoja hata jioni. Kufikia saa saba mchana, ukoo mzima wa mume ulikuwa na habari. Kanuni ile ilimgharimu mpiga picha siri aliyoitunza miaka mitatu, na kwa mwaka mzima hakukanyaga shughuli yoyote ya ukweni.