Siku Niliyomkimbiza Shangazi Kuizunguka Nyota

Chekeni mapema mmalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatishwa, na aibu yenyewe bado haijapoa: juzi tu nimepita sokoni Mlandizi, muuza nyanya mmoja nisiyemjua hata kwa sura akanipungia mkono akaniita "mzee wa sayari", nikajua video waliyonirekodi sherehani imeshafika na huko.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha sekondari moja hapa Visiga, kwetu ni Kondoa, na mwaka huu nilipeleka posa kwa kina Rukia, Chole ya Kisarawe (siyo ile ya kisiwani). Mshenga wangu alipokelewa vizuri, akala wali akashiba, akaambiwa asubiri jibu. Wote walikuwa tayari kusema ndiyo isipokuwa mtu mmoja, Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba yake Rukia, mama wa mwili hasa, ambaye kwenye ukoo ule asiposema yeye ni kama hakuna aliyesema. Alijibu tu kwamba huyo kijana hajamwona akifanya kazi.

Basi ikatokea Salma, dada yake Rukia, anafanyiwa sendofu, yaani sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi, na kwenye kundi la WhatsApp la kamati wakawa wanabishana wanawake wa ukoo waingie vipi kumpa bi harusi zawadi, maana ule mtindo wa kupanga mstari na kucheza mpaka mbele kila mtu ameuchoka. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Niliandika, "Niachieni mimi," nikaweka na kile kikatuni cha jua.

Sasa mjue wiki ile nilikuwa nimelewa na nyota. Nilisoma kwenye simu habari za nyota moja, iko mbali huko usiseme, inafanana na Jua letu kama ndugu wa tumbo moja, na ina sayari zake inazoziongoza, na ile ya ndani kabisa ni jitu, kubwa mfano wa Jupita, lakini imejibana na nyota yake kiasi kwamba mwaka wake mzima ni siku nne na ushee (Jumatatu unaanza mwaka, Ijumaa unaanza mwingine!). Na hakuna aliyeiona kwa jicho, wataalamu waliona tu nyota inayumba kidogo, wakajua kuna kitu kinaivuta. Mambo kama hayo mimi yananiliza, sioni haya kusema.

Mpango wangu ulikuwa bi harusi awe nyota, akae katikati kwenye kiti kilichovalishwa satini ya njano, nami nichore miduara minne kwa chokaa ya uwanja wa mpira, wanawake waizunguke na zawadi zao. Kwa adabu za pale mkubwa ndiye anayekaa karibu na bi harusi, hilo hata mimi mtu wa kuja nalijua, kwa hiyo Shangazi nikampa mduara wa ndani, mama wadogo wa pili, dada za bi harusi wa tatu, na mabinti wa shule, wale wenye miguu ya kukimbilia, nikawaweka nje kabisa. Rukia aliutazama mchoro, akaniuliza, "Mwalimu, una uhakika?" Nikamwambia atulie, hii ni fizikia.

Wenye akili mmeshaona. Sayari ya ndani ndiyo inayokwenda mbio kuliko zote, ya nje inajikokota. (Miaka sita nafundisha hilo jambo, na sikuliona.)

Jumamosi saa tisa alasiri, watu wamejaa chini ya maturubai, spika zinanguruma, mimi maiki mkononi na suti yangu ya kuazima. Mabinti wa nje niliwafundisha waende taratibu, wakaenda taratibu, wengine wanajipiga picha. Na Shangazi, sinia la vikombe vya chai kichwani, akaanza kutembea kwa enzi yake, hana haraka na mtu. Mabinti wakaanza kumwacha nyuma. Nikaona mfumo mzima wa nyota yangu unaharibika mbele ya macho yangu, na badala ya kunyamaza nikasema kwenye maiki, "Shangazi, kasi! Mwaka wako siku nne!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi akanitupia jicho, kisha akakaza mwendo, jamani, na magoti yake yale, akazunguka mara tatu bila kikombe hata kimoja kulia. Nilimhusudu mno. Mzuka ukanipanda, nikaanza kuwaeleza watu habari za ile sayari jitu, napiga kelele kushindana na muziki, narudi nyuma huku naonyesha kwa mkono, nikanasa kwenye waya, waya ukachomoka, muziki na maiki vikazima kwa pamoja, na uwanja mzima ukanisikia kwa sauti yangu mwenyewe: "Msione ukubwa wake, ndani ni hewa tupu!"

Shangazi alisimama. Akalitua sinia mikononi.

"Mwalimu."

"Naam, Shangazi. Shikamoo." (Nilikuwa nimeshamwamkia mara mbili siku hiyo.)

"Marahaba. Nani hewa tupu?"

"Siyo wewe, Shangazi, ni sayari."

"Sayari si ndiyo mimi? Si umeniweka mwenyewe hapa?"

Rukia alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Nikaona posa yangu inaondoka hivi hivi, nikasema ukweli wa moyoni, kwamba ile sayari ndiyo naishangaa kuliko zote, iko karibu na moto kuliko zote, inachemka, lakini moto hauimezi.

"Kwa nini hauimezi?"

"Kwa sababu haisimami, Shangazi. Ikisimama tu, inatumbukia."

Akautazama ule mstari wa chokaa chini ya miguu yake.

"Maskini," akasema. "Na haina wa kuipokea mzigo?"

"Haina, Shangazi."

"Leo inaye. Pokea sinia."

Akaenda zake akakaa kando ya bi harusi, waya ukarudishwa, akaomba maiki. Na mimi, sinia kichwani, suti ya watu mwilini, nikakimbia mduara wa ndani huku Shangazi ananihimiza, "Kasi, mwalimu! Mwaka wako siku nne!" Vigelegele mpaka barabarani. Mzunguko wa tano soli ya kiatu cha kulia ikaniaga, nikamaliza saba nachechemea, ila vikombe vilifika vizima.

Tangu siku hiyo maneno "niachieni mimi" nimeyafuta kinywani, na maiki sishiki tena, hata ya gwarideni shuleni namwachia mwenzangu.

Wiki mbili baadaye mshenga alirudi kutoka Chole anacheka peke yake. Shangazi amesema ndiyo, kijana ameshamwona akifanya kazi. Ana sharti moja tu: siku ya harusi yetu miduara ichorwe tena, wa ndani nikimbie mimi, na yeye apewe ule wa nje kabisa, ambako mwaka ni mrefu, atembee anavyotaka, na sisi wote tumngoje.