Hamsta wa Claire na Bidon ya Petroli

Mama mukwe wangu alisimama mlangoni, mkono mmoja bidon, dumu la petroli ya taa, mkono mwingine kiberiti.

"Delphin, toka hapo. Nachoma iyo panya na sanduku yake. Ukibaki hapo, shauri yako!"

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata uso sijanawa. Kiganjani mwangu kulikuwa na mnyama mdogo, baridi kama jiwe la mtoni. Hapumui.

Na chumbani, mwanangu alikuwa anawaka homa.

Msinicheke bado. Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi ni mtu wa kujua, sifichi. Ukiniuliza habari ya injini ambayo sijawahi kuiona, nakujibu, na nakujibu kwa sauti. Mke wangu Solange ananiita Papa Najua. Jina hilo lilikaribia kuniulia mtoto.

Claire wetu ana miaka saba. Mwisho wa mwaka alileta bulletin ya shule yenye asilimia themanini na mbili, nami kwa furaha nikamwambia achague zawadi yoyote. Akataka kale kapanya alikoona kwenye telefone, kanakojaza chakula mashavuni.

Nikamtuma Katsuva, mfanyabiashara anayetuletea vitu Bunia kutoka Kampala. Alicheka mpaka akakohoa.

"Batu bananunua dawa ya panya, weye unanunua panya?"

Lakini alileta. Hamsta vibete sita ndani ya karton, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba cha mwashi.

Mimi nilikuwa nimeshasoma. Nikafundisha mbele ya watu wote pale dukani kwa Katsuva, nikiwa nimejaa kama mwalimu. Angalia macho, yawe mangavu. Angalia matako, yawe makavu, anayeharisha mwache. Anayeng'ata bila sababu, mwache. Na chukua mmoja tu, wawili watauana.

Claire hakunisikiliza hata kidogo. Aliweka kiganja chini ya karton, akatulia. Mmoja wa rangi ya karanga akaja pole pole, akamnusa kidole, akakaa hapo hapo akajisafisha uso.

"Ni huyu, papa."

Tukamwita Kalanga.

Siku za kwanza hatukumgusa. Claire alilala na kitambaa, asubuhi tukakiweka sandukuni ili Kalanga ajue harufu yake. Halafu mbegu ya maboga kiganjani, mkono chini, usitikisike. Ukimshika kutoka juu anadhani wewe ni kipanga. Baada ya wiki mbili alikuwa anajikunja mkononi mwa mtoto, analala.

Na ajabu nyingine ikatokea. Panya wa plafo, kule juu darini, walinyamaza.

Nyuma ya chumba cha Claire kuna depo, stoo ndogo, nilikuwa nimeweka magunia mawili ya mahindi kutoka upande wa Fataki. Kila usiku panya walikuwa wanakimbia huko juu kama wana mechi. Ghafla, kimya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mimi huyo kwa majirani, kifua mbele! "Wamesikia harufu ya hamsta, wamehama wenyewe!"

Mama mukwe, Mama Véronique, alikuwa amekuja kutusalimia kutoka huko huko Fataki. Hakucheka.

"Panya haiache mahindi bure, Delphin. Panda uangalie."

"Mama, huku ni Bunia, si kijijini."

Sikupanda.

Jioni ile Claire akashikwa na homa. Nikampa paracetamol. "Malaria tu," nikasema, "kesho iko muzima." Usiku mvua ikanyesha kwa fujo, upepo ukapenya chini ya mlango, na sanduku la Kalanga lilikuwa hapo hapo kwenye sakafu ya sima.

Asubuhi ndiyo nikamkuta vile.

"Weka chini!" Mama Véronique alipiga kelele. "Kule kwetu, panya ikikufa yenyewe mu nyumba, hatuiguse na mukono. Ile ni peste! Viroboto vinatoka ku panya, vinaingia ku muntu!"

Peste. Tauni.

Acha niseme ukweli, niliogopa. Mkono ulianza kuniwasha, halafu shingo, halafu mwili wote. Nilitaka kumtupa Kalanga uani na kukimbia. Lakini mdomo wangu, kama kawaida yake, ulitangulia.

"Mama, huyu hajawahi kutoka sandukuni. Peste angeitoa wapi?"

Solange akaita kutoka chumbani. "Delphin! Mutoto iko natetemeka! Anasema mupaja inamuuma!"

"Jana aliruka kamba!"

Claire akajikokota mpaka mlangoni, midomo imekauka, macho mekundu. Akaona bidon. "Papa, usimuchome."

Hapo nikapata wazo la mjinga mwenye kiburi. Nikamtia Kalanga ndani ya kopo la maziwa, nikafunga kifuniko chenye matundu, nikalisukuma ndani ya jaketi, kifuani. "Twende kituo cha afya, kwa muganga. Amwone yeye mwenyewe, tumalize haya maneno."

Nilikuwa naenda kumwaibisha mama mukwe. Mungu anisamehe.

Tukapanda moto, yaani pikipiki, Claire katikati yangu na Solange. Mama Véronique nyuma yetu kwa moto nyingine, na bidon yake hakuiacha. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaniunguza mgongo. Kila tukiruka shimo aliguna, na kila akiguna, ujuzi wangu ulipungua. Nikaanza kuomba kimya kimya. Ee Mungu, chukua kapanya, niachie mutoto.

Kwenye kituo cha afya tulipokewa na muganga mmoja mama, anaitwa Dorcas. Solange akaeleza homa na paja, mimi nikaweka kopo mezani.

"Alikufa lini?" Dorcas akauliza.

Kabla sijajibu, kopo likajibu.

Krr. Krr krr.

"Yesu!" Dorcas akarukia ukutani. Mama Véronique akadondosha kiberiti. Wagonjwa wote wa kwenye benchi wakatoka nje, na yule aliyekuja akichechemea alikuwa wa kwanza.

Nikafungua kifuniko. Masharubu yakatokea, halafu pua. Kalanga akapiga miayo.

Nilicheka mpaka machozi. Hamsta vibete wakipigwa na baridi hulala kama maiti, na joto la kifua changu lilikuwa limemwamsha. Hata hiyo nilikuwa nimeisoma, hofu tu ilinisahaulisha. Nikampa mbegu, akajaza shavu.

"Mama, ona! Peste yako inakula!"

Claire akatabasamu kidogo. Mama Véronique akaangalia chini. Nikamwinua mtoto. "Muganga, tupe dawa ya malaria, siye tunaenda."

Dorcas hakucheka, akanionyesha benchi. "Papa, ikala kwanza. Mulisema mupaja inamuuma?"

Akamlaza Claire, akagusa kwenye kinena. Mtoto alipiga kelele ambayo sitaisahau mpaka naingia kaburini. Palikuwa na kivimbe kama yai la njiwa.

Dorcas akaniuliza taratibu. "Ku nyumba kuna panya zingine zenye kukufa?"

Nikafungua mdomo kusema hapana. Nikakumbuka plafo. Siku tatu za kimya. Nikakaa chini kwenye sima.

Mama Véronique aliweka bidon pembeni, akashika mguu wa mjukuu wake. Angenitukana, ningepona kidogo.

Watu wa afya walienda nyumbani na bomba la dawa, wakapanda plafoni. Walikuta panya kumi na mmoja wamekufa, karibu wote kwenye dari, sambamba na kitanda cha Claire. Panya hao walipopoa, viroboto vyao vilishuka kutafuta damu nyingine.

Sindano zilianza saa ile ile, na sisi wote tukapewa vidonge. Usiku wa kwanza Claire alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, Solange akashika rozari, mimi nikashika kopo la maziwa kama mwehu. Siku ya tatu homa ikashuka. Siku ya nne akauliza kama Kalanga amekula.

Dorcas aliniambia bila kuzunguka. "Mungechelewa siku mbili, papa, tungekuwa tunaongea mambo ingine. Bengi banakuja wakati wamesha kuchoka kusema ni malaria tu."

Hebu fikirieni. Kalanga asingelala kama maiti, mimi ningekuwa bado nampa mtoto paracetamol, natamba kwa majirani.

Tuliporudi nyumbani nilinunua kikwembe kizuri, kitenge kipya, nikaenda kupiga magoti mbele ya mama mukwe. Nilimkuta chini, pembeni ya sanduku, kiganja wazi na mbegu ya maboga juu yake, anangoja bila kutikisika.

"Mama, sasa humuogope tena?"

"Huyu?" Kalanga alikuwa anamnusa kidole. "Huyu ananusa kwanza, ndiyo anakanyaga. Naogopa weye, mwenye kujua mbele ya kuangalia."

Nikamwekea kikwembe mapajani, nikasema, "Mama, sikujua." Mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kelele za nyumba yako zikikatika ghafla, usishangilie. Tafuta ngazi. Na mama mukwe akikwambia panda, panda.